Nilivyolichukia Neno "Slightly"

Watu huchukia watu. Mimi, mbali na watu kadhaa, nimelichukia neno moja la Kiingereza, na sioni sababu ya kuomba radhi. Neno lenyewe ni slightly. Nikilisikia redioni nageuza stesheni. Binti yangu alipolileta nyumbani kwenye kazi yake ya shule, nilimwambia akamuulize baba yake, na baba yake hajui Kiingereza.

Sikuanza hivyo. Nililijua kwanza darasani, hapahapa Kigoma, kwa mwalimu mmoja mpenda chai. Alitufundisha maneno ya kiasi kwa kijiko cha sukari. Kikombe chenye sukari ya kuonja tu ni slightly sweet, ukiongeza ni fairly, ukiongeza tena ni very, na ukimwaga kopo zima ni extremely, "na hapo mke wangu ananifukuza nyumbani." Tulicheka, tukakariri. Hakuna aliyeuliza lile neno la kwanza lingetufaa nini. Mimi nimekulia Ujiji, na Ujiji hakuna kitu cha slightly. Chai ina sukari au haina. Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji hasa, muuza dagaa, na siku akiumwa jino mtaa mzima ulijua, msikitini walijua, na wateja waliambiwa waje kesho kwa sababu leo kuna msiba mdomoni mwake.

Mama alikuwa kinyume chake. Yeye ni Muha wa milimani, na kwao mtu hajisemei maumivu. Ukimjulia hali mgonjwa wa kwao atakwambia ni kidogo tu, naendelea, hata kama vijana wameshatumwa majembe ya kaburi. Anayesema ukweli ni yule aliyekaa pembeni yake. Bibi mzaa mama alipoletwa kwetu, tumbo likimmaliza, wageni waliingia chumbani wakamsalimu, akawajibu kwamba ni kidogo tu, wakaitikia vizuri. Kisha wakatoka kwa mama mdogo aliyekaa mlangoni, naye akawaeleza yote: anavyotapika, anavyong'ata shuka ili watoto tusisikie. Hakuna aliyemwona bibi kuwa mwongo. Kila mtu alijua kwamba habari za mgonjwa huulizwa mlangoni. Utotoni nilidhani dunia nzima iko hivyo, ukimtoa baba yangu.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Wengine walivuka mpaka kwa mitumbwi, wengine walishuka kwa miguu hadi kijiji cha Kagunga, wakajazana ufukoni pale, mlima nyuma na maji mbele, mpaka pa kuketi pakakosekana, na meli ikawa inawachota na kuwaleta mjini. Kituo cha kuwapokea kilikuwa upande wa Bangwe. Mimi nilikuwa na Kiha cha mama, Kiswahili cha baba na Kiingereza cha kijiko. Mtu mwenye Kiha hapati shida na Kirundi, kwa hiyo nikachukuliwa kuwa mkalimani kwenye meza ya afya.

Mkubwa wa meza ile alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye viatu vya kupandia milima hata kwenye mchanga. Sitamsingizia. Hakuwa mvivu, hakuwa mlevi kama wenzake wawili, na wakati wa kuhara na kutapika alibeba ndoo kwa mikono yake mwenyewe. Ila alikuwa na kadi.

Kadi ngumu, imefunikwa nailoni, ina sura tano za katuni kwa mstari, ya kwanza inacheka na ya mwisho inalia, na chini ya kila sura neno lake: not at all, slightly, moderately, very, extremely. Daktari alikuwa mmoja na watu ni ufuko mzima, basi kadi ndiyo iliyochuja. Aliyefika very alipelekwa kwa daktari, na daktari akiridhika mtu huyo alibaki mjini, karibu na hospitali kubwa. Aliyeishia slightly alipewa blanketi, sabuni na nafasi kwenye basi la kwenda kambini, huko ndani mbali na ziwa, ambako wakati ule palikuwa na mahema, matope na zahanati ya turubai.

"Utatafsiri neno kwa neno," aliniambia nilipoanza. "Usiongeze, usipunguze. Nataka sauti yao, sitaki yako."

Basi nikatafsiri. Mwanamume mwenye mkono uliovunjika, slightly. Mama aliyemzika mtoto njiani, alipoulizwa kama ana huzuni, slightly. Mzee asiyeweza kusimama bila kushikwa kwapani na wanawe wawili, slightly, na anawashukuru kwa kumuuliza. Kutwa nzima nilikuwa nalitema neno lile mpaka ulimi ukawa mchungu. Nikamweleza mkubwa, mwanzoni kwa upole, kwamba watu hawa hawajisemei, amuulize aliye pembeni. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayemsikiliza mtoto, akanijibu kuwa kila mtu ndiye anayeujua mwili wake.

Mara moja nilijaribu kuiba. Kijana mmoja alisema kidogo, mimi nikasema very. Mkubwa akainua kidole. Alikuwa na Kiswahili cha kitabu cha mfukoni, na ndani ya kitabu hicho, kwa bahati mbaya yetu sote, neno kidogo lilikuwamo.

"Nimesikia kidogo," akasema. "Kidogo ni slightly."

Alifurahi kunikamata, nikaiona furaha yake. Nikamuuliza, "Fundi wa gari lako akikwambia subiri kidogo, huwa unasubiri kiasi gani?" Akasema hayo ni mambo mengine. Nikamwambia slightly yenu ni kipimo, kidogo yetu ni adabu. Akasema kadi haina mahali pa kuweka adabu, na nikirudia tena kumbadilishia maneno nitakwenda kugawa sabuni.

Ndipo wakaja wale wazee wawili, mtu na mkewe. Walitoka upande wa pili wa mpaka, pwani ya ziwa hilihili, walikokuwa na michikichi yao ya mawese, na Kiswahili chao kilikuwa cha masoko ya ziwani. Siku waliyofukuzwa, mke alipigwa kitako cha bunduki mbavuni na mume alikatwa panga juu ya kisigino. Nilijua hayo kutoka kwa watu walioshuka nao melini, si kwao. Nilichokiona kwa macho yangu ni bibi akikohoa kwenye kitambaa, anakikunja haraka na kukificha ndani ya kitenge. Kitambaa kilikuwa chekundu. Kambini kulikuwa na dawa za malaria na za minyoo. Nikajua kwamba bibi huyu ama atabaki hapa mjini, ama atakufa.

Utaratibu ulikuwa kila mtu aulizwe peke yake, mume asimsemee mke wala mke asimsemee mume. Uliwekwa kwa nia nzuri, na siubishii kwa mambo mengine. Kwa wale wazee ulikuwa kitanzi. Bibi akaingia kwanza, mzee akabaki nje kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Amahoro, mwanangu," akaitikia kwa salamu ya Kirundi.

Mkubwa akauliza kuhusu kifua. "Niko naumwa kidogo tu, mama," bibi akasema, moja kwa moja kwa Kiswahili, mkubwa akanitazama kuonyesha kwamba amesikia. Akauliza kama anapata usingizi. Kidogo anakosa. Je, akikohoa anatoa damu? Kidogo, hiyo itaisha. Halafu bibi akasogea mezani bila kuulizwa, na uso wake wote ukabadilika.

"Lakini mume wangu, mama, yule ndiye mgonjwa. Mguu umeoza. Usiku analia, anadhani mimi nimelala. Asitembee tena yule. Nawaomba, msimtembeze."

Mkubwa akaandika slightly, akaniambia nimwite mume.

Mzee aliingia anachechemea, kofia mkononi, na harufu ya kile kidonda ikaingia pamoja naye. Aliulizwa mguu. "Kidogo tu," akasema. Anaweza kutembea? Anaweza, kidogo kidogo. Kisha naye akasogea palepale aliposogea mkewe.

"Mama, mke wangu anakufa," akasema. "Hana kulala. Anakaa, ameegemea mgongo wangu, mpaka kunakucha. Damu anaitema, anaficha. Yeye hatakwambia. Mimi nakwambia. Ni sana, mama, ni sana."

Akanyoosha mkono akaweka kidole juu ya kadi, kwenye sura ya mwisho, ile inayolia. Hakujua kusoma neno lililokuwa chini yake. Mimi nikalisoma kwa sauti, extremely, na nilifurahi, nakiri nilifurahi, kwa sababu safari hii neno limetoka kwenye kidole chake na hakuna wa kusema nimeliongeza mimi.

Mkubwa akaweka kalamu chini, akacheka kwa pua.

"Umeona?" akaniambia mzee alipotoka. "Kila mmoja anasema mwenzake ndiye anayekufa. Ukimuuliza mwili wake mwenyewe, anasema ukweli, slightly. Ukimpa nafasi ya kumsemea mwenzake, anatia chumvi. Wameshasikia kadi inafanya nini. Wamepanga." Akasema aliyaona hayohayo katika nchi nyingine, kwenye vituo vingine, na mtu asiyekuwa mwangalifu hudanganyika kirahisi.

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya mlangoni, habari ya bibi yangu na mama mdogo, nilimweleza kwamba wale wawili wamesema jambo moja lilelile na wamelisema kikamilifu, kila mmoja mahali pake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maelezo yangu yanavutia, lakini maelezo mawili yanayopingana hayawezi yote kuwa kweli, akawaandika wote wawili slightly na basi la kesho. Hapo nikamwambia yeye ni mjinga. Nilimwambia kwa Kiingereza, na mbele ya neno hilo nikaweka extremely ili lisipungue njiani. Akanitoa nje.

Sikwenda nyumbani. Nilimtafuta bibi kwenye hema lao, nikamkuta amekaa, mgongo wake kwa mgongo wa mzee, kama mzee alivyosema. Nikamwambia kwamba kesho mkubwa atasimama kwenye mlango wa basi na kuwauliza watu mara ya mwisho.

"Akikuuliza, sema sana. Neno moja tu, bibi. Ukilisema utabaki hapa na hospitali iko pale juu."

"Nijiseme mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mume wangu yupo hapa?"

Mzee alikuwa akitazama mguu wake.

"Mwanangu," bibi akasema, "mtu akijililia mwenyewe ni kwamba hana wa kumlilia. Nikifanya hivyo mbele ya watu, huyu nimemzika akiwa hai. Yeye ameshasema. Si alisema?"

"Alisema, lakini haikuandikwa."

"Alisema," akarudia, na kwake yalikuwa yameisha.

Nilimkasirikia. Mtu asinidhanie kwamba hasira yangu yote ilikuwa kwa Mzungu. Niliwakasirikia na wale wazee wote wawili, nikamkasirikia na mama yangu na milima yote ya Buha, nikamwambia yule bibi kwa ukali ambao sijawahi kumtolea mtu mzima kwamba adabu hiyo itamuua. Hakuudhika. Alinishika mkono.

"Basi sema wewe," akasema. "Si wewe mwanangu?"

Asubuhi injini za mabasi zilikuwa zinanguruma na vumbi limetanda. Mkubwa alisimama mlangoni na kadi yake. Bibi alipofika, aliulizwa kwa Kiswahili, bila mimi, "Bibi, maumivu. Kidogo? Sana?"

Bibi akamtazama mume wake, akanitazama mimi.

"Kidogo, mama."

Nikasema mimi. Nilipaza sauti mpaka waliokuwa wameshapanda wakachungulia madirishani. Nikasema extremely, nikasema anatema damu, nikasema mbavu zimevunjika, nikasema aitwe daktari aweke sikio lake kwenye kifua hiki dakika moja tu. Mkubwa akamgeukia bibi na kumuuliza kama kweli anatema damu. Nikamsihi bibi atoe kitambaa. Akakikamata ndani ya kitenge kwa mikono yote miwili, mbele ya wanaume wote wale, akatikisa kichwa. Bibi alikuwa na aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyosomwa kuwa jibu.

"Nilikwambia sitaki sauti yako," mkubwa akaniambia, hata hakukasirika. Akawasogeza ndani. Mzee alipandishwa kwa kushikwa, na bibi, mwenye mbavu zile, ndiye aliyemshika.

Mimi nikapelekwa kugawa sabuni. Niligawa kwa hasira, nikiwatupia watu vipande kana kwamba wao ndio wenye makosa. Waliletwa vijana wengine wa kukalimani, Kiingereza chao kikaishia kwenye salamu, na mvua zilipoanza mkubwa akanirudisha mezani bila kuomba radhi wala kuombwa. Kadi ilikuwa ileile. Tukaendelea, mimi na yeye, tukichukiana kwa heshima.

Gari la kambini lilikuwa likileta wagonjwa walioshindikana kule, na hao nao walipitia mezani kwetu kwanza. Siku moja likamleta yule mzee. Alikuwa na fimbo, na mguu ulikuwa umefika mahali ambapo hata mimi nisiye daktari niliona kwamba utakatwa. Alikuwa peke yake. Nikaangalia nyuma yake mlangoni, nikaendelea kuangalia.

"Amahoro, mzee," nikasema. "Na bibi?"

"Tulimweka udongoni kulekule," akasema.

Nilitaka kupindua meza, nilitaka kumchukua mkubwa kwa mabega nimgeuze amtazame mtu huyu, kisha nikaona kwamba hakumkumbuka. Alikuwa akimtazama kama alivyowatazama wote, kwa uso wa kazi, kalamu tayari. Walikuwa wengi mno, labda. Mimi nilimkumbuka.

Akasogeza kadi, akaniambia nimuulize kuhusu mguu, unauma kiasi gani.

Nikauliza. Mzee hakujibu upesi. Aligeuka kidogo kushoto, palipokuwa na nafasi kwenye benchi alilokalia, kama mtu anayempisha mwingine aanze kuzungumza. Alingoja. Mimi niliyejua anamngoja nani nikatazama chini.

"Sana," akasema mwishowe.

Mkubwa akauliza usingizi.

"Sipati. Sana."

Akauliza huzuni.

"Sana, mama," akasema mzee, na kidole chake, polepole, kikaenda chenyewe kwenye sura ya mwisho, kikakaa hapo. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa uchi mbele za watu, lakini nadhani ndivyo hali ilivyo.

Mkubwa akaandika, akanyoosha mgongo, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hatimaye," akaniambia. "Mtu anayejibu waziwazi. Mwambie atabaki mjini, ataonwa na daktari leo. Na mwambie inatusaidia sana watu wanapokuwa wakweli namna hii juu ya hali zao wenyewe."

Nikamwambia mzee kwamba atabaki mjini na ataonwa leo.

"Na lile la pili," mkubwa akasema. "Neno kwa neno."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Kiswahili si unacho?"

Alinitazama sana. Kisha akamgeukia mzee, akainama juu ya meza ili macho yao yakutane, akayatafuta maneno kichwani mwake, na uso wake, kwa kweli, ulikuwa wa upole.

"Mzee," akasema, "sasa vizuri sana."

Mzee akavua kofia, akaiweka magotini, akampigia makofi madogo ya shukrani kama wafanyavyo kwao, akasema, "Asante, mama."